Nilipanda Tawi Nikidhani Nimepanda Mti

Watu wanaopita njia ya kwetu hapa Isevya, Tabora, husimama kwenye uzio wangu wakauliza mambo mawili. Kwanza, ule mti mrefu wenye matawi ya ngazi ngazi nimeutoa wapi. Pili, kile kimti kilicholala pembeni mwa bustani kinaumwa nini. Majibu yote mawili ni marefu. Mwezi huu peke yake wamenijia akina mama watatu wanaotaka kununua miche ya namna hiyo, kwa hiyo nimeamua kuandika kila kitu, pamoja na fedha zilizopotea, ili anayetaka kuupanda asianzie pale nilipoanzia mimi.

Mimi ni fundi cherehani. Bustani ni mapenzi tu, nimeyarithi kwa mama. Uani kwetu kulikuwa na miembe kama ilivyo kila ua wa Tabora, kulikuwa na mipera na maua ya kawaida, lakini mti wa namna hii sikuwahi kuuona mpaka Desemba 2013 nilipokwenda Dar es Salaam kwa binti yangu. Ulikuwa kwenye uwanja wa ukumbi wa sherehe karibu na bahari. Shina limenyooka kama uzi wenye timazi, matawi yanatoka kwa mzunguko, mara nyingi matano au sita, kisha shina tupu kidogo, kisha mzunguko mwingine, hivyo hivyo hadi kileleni. Mtu ambaye kazi yake ni kupanga marinda hawezi kupita mti ule bila kusimama. Niliuhesabu ngazi mpaka shingo ikauma.

Wengi huuita mti wa Krismasi, jina hilo hilo wanalowapa misanduku inayokatwa mwezi wa kumi na mbili. Lakini si msanduku, na wala si msonobari. Ni araukaria. Nalitaja jina mapema kwa sababu ukienda kwenye kitalu ukasema "nataka mti wa Krismasi" utapewa chochote.

Nilirudi Dar Juni 2014 kumwona mjukuu aliyezaliwa, na safari hiyo nikaenda moja kwa moja kwenye vitalu vya kando ya barabara. Muuzaji mmoja alikuwa nazo za aina mbili. Kulikuwa na vimche vyembamba, virefu kama mkono mpaka kiwikoni, vyenye vitawi vichache, shilingi 20,000 kimoja. Kulikuwa na mche mwingine mnene, umetanuka, majani tele, kijani chake kinang'aa. Akaniambia, "Mama, chukua huu, huu umeshakua, hao wengine watakusumbua." Alianzia 60,000, tukamalizana kwa 45,000. Vile vyembamba nilividharau. Sikuuliza mche ulizalishwaje, na sikujua kama ni jambo la kuulizwa. Kosa kubwa la simulizi hii yote lilifanyika pale, kabla sijachimba hata shimo.

Nilipanda nao treni ya Reli ya Kati, kiriba, yaani ule mfuko wa udongo wa mche, ndani ya ndoo, ndoo katikati ya miguu yangu, safari ya mchana na usiku. Abiria wenzangu walikuwa wakiugusa. Majani ya araukaria changa yanaonekana kama sindano lakini hayachomi, ni laini, ukiyapapasa kuelekea nchani unahisi kama mkia wa paka. Nilifika Tabora hakuna hata jani lililonyauka.

Niliupanda kesho yake, mita mbili kutoka ukuta wa sebule, ili niuone dirishani nikiwa kwenye cherehani. Shimo lenyewe nilichimba kama la mpapai. Nikaweka ndoo tatu za samadi niliyoitoa zizini kwa jirani siku ile ile, bado ina joto. Na ilikuwa Juni.

Anayeijua Tabora anajua maana ya Juni. Mvua zetu zinaanza Novemba, zikichelewa ni Desemba, zinakatika Aprili au mwanzoni mwa Mei. Baada ya hapo ni jua na vumbi, hewa inakauka mpaka midomo inapasuka, na Septemba na Oktoba joto linaongezeka juu ya ukavu. Mche uliokuwa umezoea kivuli cha kitalu na unyevu wa pwani niliusimamisha katikati ya hayo.

Agosti matawi ya chini yakageuka manjano, kisha kahawia. Nikaongeza maji, dumu la lita 20 kila siku. Wakati ule mtaani kwetu maji ya bomba yalikuwa ya mgao, tukinunua kwa wenye mikokoteni shilingi 300 kwa dumu. Hayakusaidia, kwa sababu tatizo halikuwa kiu peke yake. Samadi mbichi ilikuwa inaunguza mizizi, na jua linaunguza majani. Mzunguko wote wa chini ukakauka. Hapo nikajifunza jambo ambalo mwenye araukaria lazima alijue: tawi likishakufa halioti jingine mahali pale. Mwembe ukiupogoa unachipua, mpera unachipua. Araukaria ikipoteza ngazi ya chini, imeipoteza.

Nikaanza kuomba ushauri kwa kila mtu, na mmoja akaniambia kwa uhakika kabisa kwamba miti ya jamii ya msonobari haikui bila udongo wa kwao. Nina kaka Mafinga, kwenye misitu ya misonobari ya Sao Hill. Akanijazia gunia la udongo wa chini ya misonobari, nikalipia usafiri wa basi 12,000, nikauzungushia mti wangu ule udongo mweusi uliojaa sindano. Haukubadilisha kitu.

Baadaye nilielewa kwa nini, na nalieleza kwa sababu ushauri huo bado unatembea. Kwa msonobari ni kweli. Mizizi yake inaishi na aina ya kuvu inayoizunguka kwa nje, na vitalu vya misitu huchanganya udongo wa chini ya misonobari mikubwa ili miche ipate kuvu hiyo. Sisi wa Tabora tunaijua habari hii bila kuijua: uyoga tunaouokota masika porini chini ya mitundu ni zao la kuvu wa namna hiyo hiyo wanaoishi kwenye mizizi ya miti ya miombo. Lakini araukaria inashirikiana na kuvu wa aina nyingine, wanaoingia ndani ya mzizi, ambao hawatoi uyoga kabisa, na hao wapo kwenye udongo wa kawaida, hata wa shamba la mahindi. Udongo wa uani kwangu ulikuwa unatosha. Mti ulihitaji kivuli na mboji iliyooza.

Nilipiga hesabu mwisho wa mwaka ule. Mche 45,000, gunia 12,000, vigingi na samadi 8,000, maji kama 45,000. Jumla 110,000. Ufundi wa sare moja ya shule nilikuwa natoza 5,000, kwa hiyo nilikuwa nimeshona sare 22 kwa ajili ya mti mmoja, na mti wenyewe ulikuwa umekonda. Baba watoto hakusema neno. Ningependelea aseme.

Mvua za Novemba zilipoanza mti ukafufuka. Ulitoa majani mapya, kijani kibichi cha kupendeza, nikamshukuru Mungu. Ila ulikuwa unakua upande. Kilele badala ya kwenda juu kilielekea uzioni, sambamba na ardhi. Nikasema ni upepo. Nikasimika kigingi cha mninga, nikaufunga kwa vipande vya kanga ili shina lisichubuke. Baada ya mwezi kilele kilichopita juu ya kigingi kikajikunja na kulala tena, kuelekea kule kule. Nikaongeza kigingi. Nikaufungua, nikaufunga upya kwa kuuvuta upande wa pili. Mwaka mzima wa 2015 nilikuwa nikishindana nao, asubuhi kabla sijafungua banda la kazi naenda kuangalia umefika wapi. Iliniuma kama mama anayeona mtoto hatembei na hajui amekosea wapi.

Aliyenifumbua macho ni shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, mkulima wa kahawa kule Kalinzi, Kigoma. Alikuja kwetu Januari 2016 kwenye msiba. Siku ya tatu, watu wametulia, akatoka uani akasimama mbele ya mti na vigingi vyake.

"Shemeji, huu mti umeutoa ubavuni."

Nikamwambia sikuutoa popote, niliununua.

"Basi aliyekuuzia ndiye aliyeutoa ubavuni. Sisi kwenye kahawa tunalijua hili. Ukikata tawi la pembeni ukaliotesha, linaota mizizi vizuri tu, lakini halitasimama maisha yake yote, litatambaa. Anayetaka mche wa kahawa anachukua chipukizi lililosimama, lile linalotoka kwenye shina."

Sikukubali mara moja. Akanishika mkono, akaniinamisha tuutazame kwa juu. Vitawi vyote vilikuwa vinatoka kushoto na kulia tu, bapa, kama unyoya wa kuku. Upande wa juu una kijani kilichokolea, wa chini umepauka. Akasema maneno ambayo sijayasahau: "Huu una mgongo na tumbo. Mti hauna mgongo wala tumbo, mti uko sawa pande zote. Hili ni tawi."

Nilikaa chini pale pale. Mwaka na nusu nilikuwa nikililazimisha tawi liwe mti.

Binti yangu alinitafutia habari zaidi, na zikathibitisha kila alichosema shemeji. Araukaria ni miongoni mwa miti inayojulikana sana kwa tabia hii. Tawi la pembeni likikatwa na kuoteshwa linaendelea kukua kama tawi la pembeni, hata likae ardhini miaka mingi, hata ulifunge vipi. Ni kilele cha shina tu, au chipukizi linalotoka kwenye shina lenyewe, linaloweza kutoa mti uliosimama. Muuzaji anayekata matawi ya pembeni anapata miche minene na mizuri machoni kutoka mti mmoja, wakati kilele ni kimoja tu. Ndiyo maana ule wangu ulikuwa umetanuka kuliko vile vya 20,000, ambavyo vilikuwa vya mbegu.

Kwa hiyo ukiwa kwenye kitalu usiutazame mche kwa mbele. Inama uutazame kwa juu. Wa mbegu utaona nyota, vitawi vimetawanyika pande zote kutoka katikati. Wa tawi utaona unyoya. Jambo hili halihitaji utaalamu wala chombo, na lingeniokolea zaidi ya laki moja.

Tukiwa kwenye habari hizo binti alinisomea pia asili ya mti huu, na hapo makosa yangu mengine yakapata maelezo. Kwao ni kisiwa cha Norfolk, kisiwa kidogo cha kilomita za mraba kama 35 katika Bahari ya Pasifiki, mashariki ya Australia. Nahodha James Cook alifika pale mwaka 1774 akaona ile miti iliyonyooka, akadhani itafaa kwa milingoti ya meli. Baadaye ikaonekana mbao zake si imara kiasi hicho. Kisiwani hapo mti huu unaweza kupita mita 50, na bendera ya kisiwa ina picha yake katikati. Lakini kilichonigusa ni hali ya hewa: upepo wa bahari mwaka mzima, mvua hazikatiki nusu mwaka, joto la wastani. Mti wa kisiwani hauogopi chumvi wala upepo. Unaogopa ukame wa hewa, na mimi niliupanda mwezi wa sita Tabora.

Mche wa pili niliununua Novemba 2016, safari hii kupitia bwana miti mmoja mstaafu aliyekuwa anautunza kwake. 30,000. Niliutazama kwa juu kabla ya kusalimia sawasawa. Nyota. Ila ndani ya kiriba kimoja kulikuwa na miche mitatu imesongamana. Hufanywa hivyo mara nyingi ili ionekane kimti kimoja kilichojaa. Ukiiacha yote itagombania, na ukiing'oa unaharibu mizizi ya unaoutaka. Nilichagua ulionyooka kuliko wote, hii mingine miwili nikaikata kwa mkasi usawa wa udongo. Mkono ulitetemeka, kila mmoja ni elfu kumi, lakini sikujuta. Kuhusu mbegu zenyewe, msihangaike kuagiza kutoka mbali. Hazivumilii kukaa, uwezo wake wa kuota hupotea haraka, na anayekuuzia pakiti iliyokaa dukani anakuuzia maganda.

Upandaji wa pili ulikuwa hivi. Nilipima hatua kumi na mbili kutoka ukutani na kuhakikisha juu hakuna nyaya za umeme. Shimo la sentimita 60 kwa 60, udongo wa juu nimeuchanganya na debe moja la mboji iliyooza mpaka haina harufu. Nilisubiri mvua mbili kubwa zipite ndipo nikapanda. Upande wa magharibi, linakotoka jua kali la alasiri, niliweka kiambaza cha fito na nyasi. Maji ya kiangazi cha kwanza na cha pili yalikuwa dumu moja mara mbili kwa wiki, yakimwagwa taratibu kwenye kisahani cha udongo kuzunguka mti ili yazame, si kila siku juu juu. Udongo wetu wa kichanga unapitisha maji haraka, ukimwaga kidogo kidogo kila siku mizizi inabaki juu ikisubiri ndoo.

Futi yangu ya kushonea ina sentimita 150, nikaanza kupima kila mwisho wa mwaka. Siku ya kupanda ulikuwa sentimita 35.

Septemba 2017 nikakaribia kuupoteza. Nilikuwa nimetandaza nyasi kavu nyingi kuzunguka shina kuhifadhi unyevu, kama tunavyofundishwa, na nimezisogeza mpaka zikagusa gome. Asubuhi moja nikaona shina limevaa kama soksi ya udongo, urefu wa kidole. Nikaibandua. Mchwa walikuwa wanatembea chini yake, na gome tayari lina kidonda cha ukubwa wa kifungo cha shati. Zile fito za kiambaza nazo walikuwa wameshazila kutoka chini. Nilikuwa nimewatandikia chakula hadi mlangoni.

Nilikwenda dukani nikanunua dawa ya mchwa. Jirani yangu, mzee ana mizinga kwenye miembe yake, akaniona nimeishika kopo. Akanisogelea akaomba kulisoma. "Mwanangu, dawa hii najua kazi yake. Mchwa watakufa, na nyuki wangu watakufa. Niachie siku mbili." Alikuja na sululu na mjukuu wake, wakafuata njia za mchwa mpaka kwenye kichuguu kidogo nyuma ya choo cha zamani, wakachimba mpaka wakamtoa malkia, mnene kama kidole gumba. Mimi nikaondoa nyasi zote karibu na shina, nikaacha duara la shubiri moja lenye kokoto tu, nyasi zianzie nje yake. Fito nikabadilisha kwa nondo. Kila asubuhi kwa mwezi mzima nilikuwa nakagua na kubandua udongo wowote mpya. Majivu nayo nilijaribu, yanasaidia siku mbili tatu, ukimwagilia maji yameisha nguvu. Kidonda kilipona, alama ipo mpaka leo. Lile kopo nilirudisha dukani, wakakataa, nikapoteza 9,000. Asali ya mzee nimekula miaka yote hii.

Oktoba kila mwaka huja pia utitiri, vijidudu vyekundu vidogo kama vumbi la pilipili vinavyofuma utando kwenye majani. Vinapenda ukavu. Nanyunyizia maji kwa nguvu jioni, upande wa chini wa matawi, siku tatu mfululizo, basi.

Mwisho wa 2018 ulikuwa sentimita 104. Siku chache kabla ya Krismasi ya 2019 futi yangu haikutosha tena. Niliita watoto waje waone kipimo kinakomea chini ya kilele, tukashangilia.

Furaha hiyo ndiyo iliyoniponza. Wajukuu walikuja sikukuu, wakataka mti upambwe. Nikashona nyota kubwa ya kitambaa cha dhahabu juu ya kadibodi, nikaizungushia waya, nikaifunga kileleni kabisa. Ilipendeza, na jioni ile majirani walikuja kupiga picha. Usiku wa kuamkia tarehe 27 ikanyesha mvua ya upepo. Kitambaa na kadibodi vikanywa maji, vikawa vizito. Asubuhi nyota ilikuwa chini na kilele kimening'inia kwa gome, kama sentimita 20 kutoka nchani. Kilele cha araukaria ni laini kama bua la muhindi mchanga, hakikuumbwa kubeba kitu chochote. Taa zifungeni kwenye matawi ya chini karibu na shina, na nyota mkaiweke mlangoni.

Nililia, sifichi. Nilimpigia shemeji Kalinzi hata kabla ya chai. Akaniuliza swali moja tu: "Kilichokatika ni ncha ya shina?" Nikasema ndiyo. "Basi usikitupe. Hicho ndicho ambacho yule muuzaji hakukupa."

Nilikikata vizuri kwa wembe chini ya pale kilipovunjika, nikafuta utomvu, nikaondoa majani ya sehemu ya chini urefu wa vidole vitatu. Kiriba nilikijaza mchanga wa mtoni niliouosha, nusu kwa nusu na pumba za mpunga zilizochomwa. Nikakichomeka, nikamwagia, nikafunika kwa mfuko wa nailoni mweupe ulioshikiliwa na vijiti ili usiguse majani, nikakiweka chini ya mwembe ambako jua halifiki moja kwa moja. Kila siku mbili nilifunua kidogo kipate hewa. Kilichokuwa kigumu ni kutokukigusa. Miezi mitano hakuna kilichobadilika, hakikukua wala kunyauka, na kila siku nilitamani kukivuta nione kama kina mizizi. Ukikivuta unakata hivyo vichache vilivyoanza. Juni 2020 nilipokiinua kiriba kufagia, nikaona mzizi mweupe umetokeza kwenye tundu la chini, mnene kama uzi wa kudarizi.

Mti mama nao haukufa. Aprili ile, chini kidogo ya jeraha, shina lilitoa vichipukizi viwili vilivyosimama. Ukiviacha vyote utapata mti wenye vichwa viwili, hautakuwa na umbo tena. Nilisubiri mpaka vikawa na urefu wa kidole, nikauacha ulio na nguvu, mwingine nikaukata. Kwa mwaka mzima hivi shina lilikuwa na kigongo pale, sasa lazima uonyeshwe ndipo ukione.

Wakati kilele kipya kinapanda niliogopa tena nilipoona kimeinama kidogo. Kikajinyoosha chenyewe. Lakini mjue kuwa araukaria ina ndugu yake, mti wa Cook wa New Caledonia, ambao vitalu huuchanganya na huu wa Norfolk kwa kufanana. Mwaka 2017 watafiti walichapisha vipimo vya miti 256 ya aina hiyo katika mabara matano wakaonyesha kwamba huegemea upande wa ikweta, kwa wastani wa nyuzi 8.55. Kwetu ikweta iko kaskazini. Shina zima likiegemea huko kwa ustaarabu huku vitawi vikitoka pande zote, usihangaike na vigingi, ni maumbile yake. Anayetambaa kama unyoya ndiye mwenye tatizo.

Kile kilele kilichoota mizizi nilimpa shemeji, ni haki yake. Kilikwenda Kigoma kwa treni Desemba 2020 na mpwa wangu, kikapandwa Kalinzi mlimani, kwenye baridi na ukungu wa asubuhi, pembeni ya kahawa. Kule hakijapata shida yoyote niliyoisimulia hapa. Mwaka jana alinitumia picha, amesimama karibu nacho na kimemzidi kimo.

Wangu sasa siupimi kwa futi. Nasimika fimbo ya mita moja uani asubuhi, nasubiri mpaka kivuli cha fimbo kifikie mita moja, halafu nakimbilia kupima kivuli cha mti. Mara ya mwisho kilikuwa mita tano na nusu.

Na ule wa kwanza bado upo. Niliondoa vigingi vyote jioni ile ile shemeji alipoondoka, kanga nikazifua. Umelala, umetanda zaidi ya mita mbili kuelekea uzioni, kijani chake hakina tofauti na cha mwenzake, na mchana wa Oktoba kuku na vifaranga wake hulala chini yake. Sikuona sababu ya kuung'oa. Nilihakikisha tu hauwezi kumkwaza anayepita.

Juzi mmoja wa wale akina mama alirudi na simu mkononi, amepata muuzaji Mwanza, mche mnene, bei 70,000. Picha imepigwa kwa mbele. Nilimpeleka kwenye miti yangu yote miwili, akainama akaitazama kwa juu, kwanza uliosimama, kisha uliolala. Kisha akampigia muuzaji pale pale, akamwomba apande kwenye kiti aupige picha kwa juu. Alisema ataituma jioni. Bado haijafika.